Makopo Kumi na Tisa

Nyaguthii wa mlango wa sita alipokwenda Molo
kumuuguza dada yake,
aliniachia ufunguo
na makopo kumi na tisa ya maua ukutani.
Akasema: usiyahurumie sana kwa maji.
Akasema tena, mkoba uko begani:
na lile la pembeni, liache.

Ilikuwa Januari. Mimi na cherehani yangu
tulikuwa hatulali: sare za shule,
sketi za marinda, majina ya watoto kwa uzi mweupe.
Sikuuliza la pembeni lina nini.

Mvua za vuli zilishajikung'uta zikaenda zao.
Upepo ukawa unashuka kutoka Menengai saa nane mchana,
haukosei saa, umebeba vumbi
jeupe kama unga wa jirani usiyemjua.
Jioni nilipangusa majani kwa kitambaa cha bitana.
Maji ya bomba: Jumanne, na Ijumaa ikijaliwa.
Mengine ya mkokoteni wa punda, mtungi shilingi thelathini,
hamsini kufikia Februari.
Kwa hiyo makopo yalikunywa kilichobaki kwangu:
maji ya kuoshea mchele, maji yaliyosuza vikombe,
mara moja chai iliyopoa, na jeraniamu haikulalamika.

Jeraniamu hailalamiki. Inanukia ukiigusa tu,
kama mtu mwenye siri anayengoja aulizwe.
Mshubiri ulinywea, ukawa na rangi ya kutu.
Dania ilikimbilia kutoa mbegu
kama anayeandika wosia.
Sukuma wiki ya nyuma ya bafu ilibaki shingo ndefu
na kilemba kidogo cha majani, vidukari wamejipanga chini yake.
Waridi lilikuwa miiba tu.
Na kwa kuwa baridi ya alfajiri ya Nakuru haina adabu,
niliyafunika kwa sweta za kijani nilizokata vibaya,
na kukipambazuka nikayafunua upesi
wapangaji wasinione.

Lile la pembeni: kopo la rangi ya nyumba, udongo mtupu.
Si jani, si kijiti. Udongo uliopasuka kama kisigino.
Nilihitaji mahali pa vitunguu vya majani.
Nikachukua kijiko, nikachimba.
Vidole viwili chini nikakutana na kitu
kigumu, cha duara, chenye ngozi ya karatasi,
kimelala.
Nikakifukia. Nikausawazisha udongo kwa kiganja
na kuutazama mlango wa sita,
ingawa ulikuwa umefungwa,
ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Machi, wingu lilikuja siku tisa mfululizo
na kurudi na mzigo wake.
Barasa fundi viatu alisema mwaka huu hakuna.
Sikumjibu. Nilikuwa nimeanza kusikiliza mabati.

Ikanyesha usiku wa kuamkia Jumatano, bila radi,
kwanza kama mtu anayepepeta choroko,
halafu gunia zima.
Nilitoka na leso na kandambili,
nikayasogeza yote chini ya ukingo wa paa,
moja moja, kumi na tisa,
nikasimama nayo.

Waridi halikuamka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.
Lakini siku ya sita kopo la rangi lilitoa ncha
nene, yenye madoadoa, kama kidole cha mwanafunzi
aliyekaa kimya muhula mzima,
na kabla ya jani lolote
likapasuka duara jekundu, nyuzi tupu,
sindano mia zimesimama.
Kifuko changu cha pini! nilisema kwa sauti,
peke yangu uani.

Nyaguthii alipiga simu Jumapili.
Dada anakula uji sasa, mwepesi.
Aliuliza bei ya maji. Aliuliza kama Barasa amelipa deni.
Maua hakuyauliza.
Nilikuwa nimelipakata lile kopo,
linanichafua sketi,
nikamwambia asiharakishe, huku kwema.

Vitunguu vya majani nimevipanda kwenye kopo la waridi.
Hilo bado sijamwambia.