Bado Mbili

Nyuma ya picha wino umebaki rangi ya chai:
Fort Portal, 1911. Jina halipo.
Caetano, yule mpigapicha Mgoa, aliandika majina ya Wazungu tu;
wengine aliwapa namba. Bibi ni sitini na tatu.

Amekaa kwenye kiti kisicho chake,
kiwiko juu ya kitabu asichoweza kukisoma,
nyuma yake pazia lililochorwa ngazi za marumaru
zinazopanda mpaka pale turubai ilipochanika.
Kisogoni, usipochungulia huoni,
koleo la chuma limemshika asitikisike.

Kila mtu amemsoma.
Padri alisema: tazama unyenyekevu.
Mjomba Kagoro akasema: kiburi hicho, cha Watooro wa zamani,
na akajinyoosha kitini kukidai.
Mimi, nikiwa shule, niliandika insha kuhusu hofu
nikapata alama nzuri.

Mama alicheka mpaka akakohoa.
"Gego," akasema. "Gego lilikuwa linamuuma.
Wiki nzima alilitia karafuu."

Basi uso tuuache.
Tazama mkono wa kulia, pale juu ya paja:
hauna vidole. Una ukungu,
kama ule unaoshuka Rwenzori saa kumi ukasahau kuondoka.
Caetano alitaka kukivunja kile kioo.
Alikuwa amemwagiza, kupitia Farajala mkalimani:
tulia, mama, mpaka nihesabu nane;
mawingu mazito leo, mwanga unakuja kwa kijiko.
Bei, mbuzi jike mmoja. Ameshafungwa nyuma ya nyumba.

Akatulia. Jicho likatulia, gego likatulia,
ila kidole gumba kikaenda,
kikagusa cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho,
kikarudi kuanza upya,
maana ng'ombe wa baba yake waliwahi kuhesabiwa na wageni
na hesabu ikatoka pungufu.

Kifuniko kikarudi kwenye lenzi. Caetano akapangusa jasho.
Hakuna aliyemuuliza jina lake la mapenzi, Abwoli,
lile tulilomwamkia nalo asubuhi,
na bila hilo Mtooro hajasalimiwa.
Akainuka, akavua mkufu wa kuazima, akauweka mezani,
akamtaka Farajala amweleze bwana wake:

nimefika sita.
Bado mbili.