Safu ya Saba

Afisa ameleta fomu, anazitaka kabla ya Ijumaa.
Safu ya kwanza jina, ya pili umri,
ya sita mtaa anakotoka,
ya saba: aina ya ulemavu. Herufi moja tu,
na kisanduku chake hakitoshi punje ya mchele.

Nimebaki darasani, huku Pasua, watoto wameshakwenda.
Mlima umejifunika tangu Jumatatu
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.
Wino ninao. Nianze na nani?

Nakijwa. Haoni. Hilo halina ubishi, naandika.
Ila herufi haisemi kwamba vidole vyake
husoma nukta nundu upesi kunipita mimi na miwani yangu,
wala kwamba siku nilipokuja na kidonda, nimekaza mwendo nisijulikane,
aliuliza kabla sijaketi:
"Mwalimu, ni mguu wa kushoto?"

Elingaya anaona, ila si mpaka ubaoni.
Ngozi yake na jua la saa sita hawajapatana.
Wako wanaomfunga kifurushi kimoja na Nakijwa,
"wote macho," wanasema, daftari linafungwa.
Elingaya hataki nukta. Anataka maandishi makubwa,
dawati la mbele, mbali na dirisha,
na kofia yake isigeuzwe mpira.

Kundaeli ana mtindio wa ubongo,
na watu wakisikia ubongo wanadhani wameelewa.
Sentensi yake hupanda kama lori la ndizi njia ya Kibosho,
gia ya kwanza, linaguna, linasimama, linaguna,
na hufika na mzigo wote.
Wageni humalizia maneno yake.
Humalizia vibaya.

Shafii huziba masikio kabla kengele haijapigwa,
ile rimu ya gari pale mlangoni,
kwa sababu dakika anazihesabu.
Hakutazami usoni, lakini muulize
shati lako lina vifungo vingapi.
Majirani wanasema mama yake amemdekeza.
Nimechoka kuwajibu majirani.

Na wewe, Aminieli.

Mwaka juzi nilikuandika kwa wino: akili.
Nilikuita, ukatazama kwingine.
Nilikuuliza mbili na mbili, ukacheka.
Nikakupa shanga utunge,
nyekundu, njano, nyekundu, njano,
nikaripoti: maendeleo hafifu.

Hadi asubuhi ile ya treni.
Hakuna aliyeisikia bado, hata Nakijwa.
Ulikuwa sakafuni, viganja juu ya saruji,
ukainuka mbio hadi dirishani, kidole kikaonyesha reli.
Relini hapakuwa na kitu.
Nilikuwa nimeshaanza kukuandika na hilo pia.
Kisha vioo vikatetemeka.

Nikaja nyuma yako, nikapiga makofi.
Nikapiga sufuria ya uji.
Nikapiga rimu yenyewe kwa nyundo.
Shafii alilia. Wewe hukugeuka.

Miezi kumi na minne ya shanga.
Hospitali walikupima nusu saa, wakaandika mistari miwili.
Mama yako alisema kunipoza,
"Hata sisi nyumbani tulidhani ni ukaidi."
Sikupoa.

Sasa mikono yako haitulii.
Umempa kila mtu jina la alama,
na langu ni kidole kinachosukuma miwani puani.
Wenzako walicheka hadi Kundaeli akakaribia kuanguka kitini.
Juzi uliniuliza kwa nini treni hairudi siku hiyo hiyo.
Sikuwa na alama za kukujibu. Nilikwenda kujifunza.

Safu ya saba. Kalamu ya wino nairudisha mkobani.
Natafuta ya risasi, naichonga kwa wembe,
naandika kidogo kidogo, nikiacha nafasi ya kufuta.
Afisa atalalamika kwamba hayasomeki.

Na yule mgeni wa jana, wa kutoka Kiboriloni,
anayetafuna kola na hajasema neno,
kisanduku chake nimekiacha wazi.
Ijumaa na ifike.