Ngeli ya Kombe

Darasa la sita, Tongoni, nilikosa swali moja:
Kombe yuko katika ngeli gani?
Niliandika I-ZI, kama tulivyofundishwa Jumatatu.
Lakini siku ile ilikuwa Alhamisi, somo la sayansi,
na Mwalimu Shekiondo hakuwa mchoyo wa wino mwekundu.

Leo ngeli ndiyo kazi yangu.
Chumba cha nyuma, ofisi ya uvuvi, Tanga mjini:
kabati la droo arobaini na moja,
na mimi na kalamu isiyofutika kwa maji
tunaandika vikaratasi.
Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi,
kama unayemwelekeza mgeni:
mkoa, wilaya, kata, mtaa, nyumba,
chumba cha uani, mlango wa kushoto.

Huyu hapa. Magamba mawili, mbavu zenye punje,
madoa ya kahawa iliyomwagika.
Zamani aliitwa Venus pectinata.
Baadaye wakamfungua, wakakagua meno ya bawaba yake,
wakaona si wa nyumba ile.
Wakamhamishia Gafrarium,
na jina lake la pili likageuka mkia: pectinatum,
maana Kilatini nacho kina upatanisho wake.
Sisi hubadili kichwa: mzuri, kizuri, vizuri.
Wao hubadili mkia.
Na aliyempa jina la kwanza wamemtia ndani ya mabano,
yeye na mwaka wake, 1758,
kama mtalaka aliyealikwa arusini
ila akae barazani.

Nilimsimulia shangazi, Bi Mwanamkuu,
bamvua la Rajabu, tumeinama topeni.
Alicheka hadi ndoo ikamponyoka.
"Mimi nimeolewa mara tatu," akasema,
"na hapana mume aliyenigeuza mkia."

Yeye hupanga kwa kidole.
Wa kifundo kimoja. Wa vifundo viwili.
Anayetema maji ukikanyaga jirani yake.
Wa kupika kwa nazi, wa kumpa mgonjwa mchuzi,
na yule wa karibu na mfereji wa mjini, ambaye haliwi
hata akiwa na jina la kisultani.
Vikaratasi vyangu vina nafasi ya kina,
ya chumvi ya maji, ya tarehe.
Havina nafasi ya "haliwi".

Nikafumbua kiganja.
"Na huyu, shangazi, mnamwitaje?"
"Huyo? Kitana."
Akapitisha ukucha juu ya mbavu, krrr,
kama anayejaribu chanuo dukani.

Nikanyamaza.
Asubuhi ile ile nilikuwa nimetazama kamusi:
pectinatum, mwenye meno ya kitana.
Mtu wa nchi ya theluji, asiyewahi kunusa tope letu,
na shangazi yangu, asiyewahi kufunua kamusi,
walishika kitu kimoja mkononi
wakakumbuka nywele.

Sijui kama hilo ni sayansi.
Kikaratasi nimekiandika upya.
Mkusanyaji: Mwanamkuu binti Mwinchande.
Mahali: Tongoni, topeni, vifundo viwili.
Huliwa.
Jina la nyumbani: kitana.
Ngeli,
hapo kalamu ilisita,
Bivalvia.
Chini yake, kwa herufi ndogo: pia KI-VI.

Mwalimu Shekiondo na aje na wino wake.