01493

Simu ya Mama Atuganile ilinikuta Uyole,
miguu ndani ya blanketi, laptopu mapajani kama paka.
"Subilaga, programu yako imetuletea semitrela."

Semitrela nzima. Imetoka Makambako usiku,
imepanda Uporoto kwa gia ndogo,
sasa imeziba njia ya Isyonje
na dereva, Mgaya, anauliza viko wapi viazi vyake,
gunia elfu moja mia nne tisini na tatu.

"Mnazo ngapi, mama?"
"Ishirini na sita. Nimezigusa moja moja."

Nikaanza na wanachoanza nacho waoga wote:
nikafungua ukurasa upya.
Nikaufungua tena. Nikafuta kache.
Nikailaumu seva, nikaulaumu mtandao wa Isyonje
unaokuja na kuondoka pamoja na ukungu.
Nikashuku ahadi,
maana lugha hii nayo ina ahadi:
unaituma kuchota data, inakuambia subiri,
usiposubiri unaondoka na ndoo tupu.
Nilisubiri. Ndoo ilirudi imejaa.
Tatizo halikuwa maji.

Kosa jekundu ningelishukuru.
Kosa linalopiga kelele ni jirani mwema,
linakutajia faili, linakutajia mstari.
Hili lilinyamaza. Konsoli nyeupe
kama sakitu ya Juni juu ya majani ya viazi.

Basi nikapanda mistari ya kuchungulia, mmoja hapa, mwingine pale,
kama mtu anayefukua tuta kwa vidole
ajue kiazi kimeozea wapi
asije akakata kizima kwa jembe.
Ambwene, "14".
Tupokigwe, "9".
Ndimbumi, "3".
Jumla: 01493.

Ile sifuri.
Sifuri gani hutangulia mbele ya watu?

Nilikuwa bado nakodolea macho
Mama Atuganile alipopiga tena, kutoka ghalani,
sauti ya mtu mwenye daftari magotini:
"Nimeiona. Kumi na nne, tisa, tatu.
Mashine yako haijumlishi, mwanangu. Inapanga foleni."

Inapanga foleni.
Miaka mitatu ya chuo, na cheti kiko kwenye bahasha
ndani ya begi, juu ya kabati.
Alama za mtajo zilikuwa pale pale,
zimezishika namba mabega pande zote,
nami nilizisoma kama mapambo.
Kisanduku cha kujazia hutoa maandishi
hata ukikilisha tarakimu tupu;
na alama ya kujumlisha, ikikutana na maandishi,
husahau hesabu, ikawa gundi.

Neno moja tu. Nililizungushia kila gunia
kuyaambia maandishi: ninyi ni namba.
Nikahifadhi, nikairusha kwenye seva.
Ishirini na sita.

Mgaya alizipakia pembeni mwa tela,
akapiga picha, akamtumia bosi wake bila maneno.
Dizeli ya kurudi nimelipa mimi.

Kasoro robo saa kumi na mbili jioni, simu.
"Subilaga, sasa inasema Si Namba."
"Kwa nani?"
"Ndimbumi. Kaleta mzigo mwingine."
"Umeandika nini, mama?"
"Tatu lumbesa."

Nikamwambia aandike tatu, basi, tatu peke yake.
Akanyamaza kidogo. Nikasikia mtu ghalani akiburuta kitu kizito.
"Lumbesa si gunia," akasema.
"Ina kofia ya viazi juu, imeshonwa kwa kamba.
Ukiandika tatu, umemwibia."

Sijamjibu bado.
Kielekezi kinapepesa kati ya tarakimu na neno,
nje ukungu umeshuka hadi kwenye nyaya za umeme.
Mashine iko sahihi. Mama naye yuko sahihi.
Mimi ndiye niliyechonga kisanduku kimoja
mahali palipotaka viwili.