Masikio Matatu

Kombo Shekimweri, kinyozi wa Barabara ya Kumi na Nne,
alinipa ukuta, makopo mawili ya rangi
na picha iliyokuja kwa simu:
wagombea wa Marekani, mkubwa na mwenza wake,
tai za buluu, meno kama vigae vya msala mpya.
"Wakae hapo mpaka Novemba," akasema.
Saluni yake inaitwa Ikulu Nyeupe.
Ukuta ulikuwa wa pinki.

Mwenye hela ni mpwa wake, Hatibu, yuko Minesota,
anaogesha wazee wa watu usiku kucha,
na usiku wao ndio mchana wetu,
kwa hiyo amri zake hutufikia juani.

Mwezi wa tano ikaja sauti: mwenza amejitoa.
Sababu za kifamilia.
Nikakwangua kichwa, suti nikaiacha.
Suti ina kazi, jamani, ina vivuli na mikunjo;
kichwa ni duara na makosa mawili matatu.
Mwenza mpya alikuwa mwanamke. Mabega yalimzidi,
kama mtoto aliyevalishwa koti la marehemu.

Mwezi wa saba Hatibu hakusalimia hata:
mkubwa mwenyewe kang'atuka, mwenza kapanda.
"Kapanda wapi?" nikauliza. "Ukuta ni uleule."
Nikamhamishia kulia. Kushoto likabaki pengo,
na siku kumi na moja pengo lile lilisifiwa sana
na waliokaa benchi wakingoja kunyolewa.
Halisemi uongo, walisema. Halina shemeji.

Halafu likazibwa na bwana wa upande wa pili.
Wa pili kabisa. Juzi tai nyekundu,
juzi akiwaita hawa wezi wa kuku,
leo kasimama nao, kiganja kifuani.
Nilipaka buluu juu ya nyekundu haijakauka,
ikatoka rangi ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau.
Kombo akaitazama: "Hii si ya chama chochote."
"Basi ndiyo yake," nikamwambia. "Nilipe."
Hakunilipa. Aliniahidi kuninyoa bure,
akaninyoa upande mmoja, wateja wakaingia.

Mimi kuhama nakujua.
Baba yangu aliihama Coastal akaenda African Sports
kwa ajili ya mshambuliaji mmoja aliyekuwa na goti bovu.
Mama akamsongea bada siku tatu bila mchuzi.
Miaka kumi na tisa baadaye, udongo ungali mbichi,
mtu nyuma yangu akanong'ona:
"Alikuwa mwenzetu, kisha hakuwa."

Na diwani wetu, yeye alirudisha kadi asubuhi,
adhuhuri akapokea kadi,
mikono ileile, kofia tu ilibadilika.
Jioni tulikula pilau yake, na ilikuwa na nyama.
Sijui kinachoniuma ni kipi,
kwamba alihama,
au kwamba nilirudisha sahani niongezwe.

Vuli imewahi kura mwaka huu.
Imepiga Ngamiani siku nne, ukuta umevimba,
na rangi ya bei ya chini haitunzi siri.
Mtoto wa Mwantumu Singano, shuka shingoni,
anautazama ukuta kupitia kioo,
humo ambamo kulia ni kushoto bila kukata kadi,
anahesabu kwa kidole:
"Mama, yule ana masikio matatu."

Kombo anazima mashine.
Simu inatetemeka juu ya kopo la poda. Hatibu.
Hakuna anayeipokea.
Mimi namwangalia yule wa chini, wa kwanza,
wa sababu za kifamilia:
jicho lake moja limechomoza kwenye kola ya mwenzie,
halijapata habari kwamba alishajitoa,
bado linaomba kura.