Chenji ya Kiberiti

Kiberiti kimoja, shilingi mia mbili.
Mwalimu Semkiwa anakiweka kaunta
kama mchezaji anayeshusha kete ya bao,
kisha kadi juu yake.
"Kata elfu arobaini na mia mbili.
Mia mbili yenu.
Arobaini nirudishie mkononi."

Mara ya kwanza nilicheka.
Chenji gani hii, inaizidi bei
mara mia mbili?

Akanitazama juu ya miwani,
kwa macho yaliyosimamia hesabu
miaka thelathini na moja:
"Mwanahawa, mashine ya benki hapo jirani
inaandika samahani tangu Idi.
Wakala wa simu naye, kila akinipa, ananimega.
Na ninyi droo imevimba noti za unga na mafuta,
jioni Taherali anazifunga kwa mpira,
anazipandisha baiskeli roho juu,
kona kwa kona, Ngamiani nzima.
Nipeni pesa, niwapunguzie hofu."

Bosi Taherali alikuna kidevu.
Akasema, mpe.

Ikawa desturi.
Kila Alhamisi, kiberiti.
Anabonyeza namba ya siri kwa kidole kimoja,
mkono wa pili umeifunika kama kifaranga,
mashine inalia tii, inatema ulimi wa karatasi,
nami nahesabu: kumi, kumi, tano, tano,
nyingine ndogondogo, maana ndogo ndizo anazozitaka.
Za mama wa mihogo.
Za kijana wa mkokoteni wa maji.
Za fundi wa kibatari, za kikapu cha msikitini, za mjukuu wa jirani.
"Watu wangu wote," anasema,
"hawana pa kuchomeka kadi."

Alhamisi ile mtandao ukafa katikati.
Mashine ikaandika subiri.
Tukasubiri.
Simu yake ikatetema: imekatwa, salio lako ni hili.
Ulimi wa karatasi haukutoka.
Bosi yuko Korogwe, hapatikani,
na droo ya Taherali inajua jambo moja tu:
hakuna karatasi, hakuna noti.

"Kwa Shemweta kumefiwa," akasema taratibu,
"sufuria ziko chini, mchele bado."
Hakuniomba.
Alisimama tu, kiberiti mkononi,
kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Kutoa, alitufundisha ubaoni, ni kupunguza.
Kutoa, inasema benki, ni kuchukua kilicho chako.
Kutoa, wanasema wahenga, ni moyo.
Neno moja, madaftari matatu,
na mimi sijui leo naandika kwenye lipi.
Nikafungua fundo la kanga.
Kodi ya chumba, elfu arobaini kamili,
imelainika kwa jasho langu.
Nikampa.

Benki nilipiga mara nne.
"Siku tatu za kazi," ikasema sauti ya msichana,
na nyuma yake muziki.
Mwenye nyumba wangu hahesabu siku za kazi.
Anahesabu zote.

Usiku nikapita msibani, Barabara ya Kumi na Moja.
Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi,
wanawake wanapapasana uani,
kuni zimepangwa, mafiga yamekaa, moto hakuna.
"Nani ana kiberiti?"
"Nani ana kiberiti jamani?"

Mwalimu Semkiwa akafungua mkoba.
Nikawasikia kabla sijawaona, wakicheza ndani kama njuga:
viberiti vya Alhamisi zote,
havijaguswa hata njiti,
kila kimoja na bei yake kwa kalamu yangu, mia mbili, mia mbili.
Akagawa. Huyu kimoja, yule kimoja.
Figa la kwanza likashika,
likaja la pili,
nyuso zikatoka gizani moja moja,
mchele ukamwagwa majini.

Aliponifikia alinishika kiganja,
akakifunga vidole juu ya kiboksi.
"Chenji yako," akasema.

Nilikifunga kwenye fundo la kanga,
palepale ilipokuwa kodi.
Kilikuwa chepesi mno.
Njia nzima kililia.