Bamia Zilizopinda

Mshahara wa Sleyum huingia tarehe ishirini na tano,
na kabla sijauona umeshapita:
kodi, gari, ada ya Zamzam,
umeme wa viyoyozi, wenye ulafi kuliko sisi sote.
Kilichobaki nakitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Riali ishirini na mbili kwa wiki, midomo saba,
na wa saba ni wa mama mkwe,
ambao huhesabiwa mara mbili.

Supamaketi ya Mabela ina rafu ya kijani,
baridi, kimya, kama wodi ya wagonjwa wenye pesa.
Nyanya sita zimelazwa chini ya nailoni,
zina cheti: kilimo hai.
Riali moja na baisa mia nane.
Hatua tatu kutoka hapo, kretini, nyanya zisizo na cheti,
kilo baisa mia tatu.
Nilisimama katikati na kikokotoo cha simu
nikajiuliza: ikiwa zile ndizo hai,
hizi nilizowalisha wanangu miaka yote
zilikuwa nini?

Nikanunua za mia tatu.
Nikaziosha kwa siki, nikaziosha kwa chumvi,
nikaziosha kwa bismillahi.

Bi Ghuduna akanitazama toka kitini:
"Sisi Wete hatukuwa na neno hilo.
Tulikuwa na mchicha, na kiwavi wake.
Kiwavi unamtoa, chungu kinaendelea."
Halafu akaniagiza mkate mweupe wa kukatwa
na jibini ya pembetatu.

Juu ya paa nilipanga ndoo tisa za rangi,
udongo, samadi ya mbuzi wa jirani,
na maji yanayodondoka toka viyoyozini,
tone, tone, usiku kucha:
nikasema, basi na huu umeme uturudishie kitu.
Mpaka Aprili tulikula mchicha wetu.
Mwezi wa sita paa likawa kikaango.
Ndoo zipo. Nimezigeuza viti.

Ijumaa moja baada ya sala nikamwambia Sleyum
twende Barka tukanywe chai.
Chai haikuwa nia yangu.
Nyuma ya ukuta mrefu, shambani,
kijana wa Kibangali, Rofiqul, kilemba cha taulo,
alituzungusha kwa Kiarabu chake cha jembe na changu cha jikoni.
"Hii, dawa," akionyesha mistari.
"Hii, dawa. Hii, dawa. Ile, dawa."
Tukafika kwenye mistari miwili kando ya kisima.
"Hii nyumbani kwa arbabu. Dawa hakuna."

Kumbe anajua.
Mwenye shamba anajua, na wanawe wanajua,
na lori linalokwenda sokoni alfajiri
halina habari.

Bamia za kisimani zilizonyooka hupelekwa kwake.
Zilizopinda, zilizotobolewa, hutupiwa mbuzi.
Nikasema: "Na mimi mbuzi. Niuzie."
Rofiqul alicheka mpaka taulo likamwanguka,
akapiga simu, akaitikia naam, naam,
akanijazia sanduku kwa riali mbili.

Tangu hapo kopo linapumua kidogo.
Bamia leo, bamia kesho, bamia na vibua,
kunde za gunia, kuku Ijumaa tu.
Harith huinua kijiko na kupiga kelele:
"Mama, humu mna mtu!"
"Mtoe," asema bibi yake, "ule."

Safari ya nne nilimkuta Rofiqul anapakua chakula
kivulini, ubavuni mwa pampu.
Wali, pilipili mbichi, bamia zilizonyooka sana.
Nikamwuliza, "Za wapi?"
Akaashiria kwa kidevu kule
kwenye mistari mirefu.
"Za kisimani zina hesabu," akasema.
"Hata za mbuzi, sasa, zina hesabu."

Nikalipa riali mbili zangu. Nikaongeza nusu,
akairudisha, nikaiacha juu ya pampu.
Njiani sikusema neno, Sleyum akadhani joto.
Usiku nikaziosha zile bamia zisizo na dawa,
nikaziosha tena kwa siki,
sijui nilikuwa naosha nini.